Kauri ya mifupa: Vikombe vya chai vilivyoachana na waridi na dhahabu

KATIKA nyumba nyingi za mijini, kabati la vioo la sebuleni huwa na seti moja ya chai isiyoguswa ila siku ya mgeni wa heshima. Mara nyingi seti hiyo ina maua ya waridi, kingo za dhahabu na vishikio vilivyopindwapindwa kwa madaha. Lakini pengine, miongoni mwa vyombo vilivyorithiwa kwa bibi au vilivyonunuliwa katika mnada wa familia iliyokuwa ikihama, huonekana vikombe vya namna nyingine kabisa. Hivyo ni vyeupe, vyembamba, vimesimama wima kama mkebe, na pambo lake ni mistari michache au tunda moja lililochorwa kwa rangi nyeusi.

Wengi huvihesabu kuwa vyombo vya kawaida tu, visivyo na hadhi ya kukaa pamoja na vile vya dhahabu. Huishia jikoni, vikachanganywa na masufuria, au hugawiwa watoto wa kazi za nyumbani. Wengine huvifungia kwa hofu ya kinyume: kwamba kwa wembamba ule vitapasuka siku ya kwanza vikitiwa chai ya moto. Makundi yote mawili hayavitendei haki.

Vikombe hivyo, ambavyo chini yake huwa pamepigwa chapa ya maneno "Bone China" na "England", ni zao la mvutano uliodumu miaka mingi katika eneo moja la katikati ya Uingereza. Swali lililokuwa likigombaniwa halikuwa dogo: chombo kizuri cha mtu wa kawaida ni kile kinachoiga cha mfalme, au ni kile kinachomfaa mkononi?

Ili kuuelewa mvutano huo, yafaa kuanza na udongo wenyewe.

Kiswahili hutumia neno kauri kwa simbi wa baharini mwenye mgongo unaong'aa, na hutumia neno hilohilo kwa vyombo vyeupe vya udongo. Sadfa ni kwamba Waitaliano nao waliviita vyombo vya China porcellana, yaani kwa jina la simbi huyohuyo, kwa sababu ya mng'ao wake. Watu wa pwani ya Afrika Mashariki walivijua vyombo vya Kichina karne nyingi kabla Ulaya haijaweza kuvitengeneza, na makaburi ya nguzo ya Kunduchi, jijini Dar es Salaam, yalipambwa kwa sahani za Kichina zilizojengewa ndani ya chokaa.

Ulaya ilihangaika muda mrefu kuipata siri hiyo. Wajerumani waliipata kwanza, na kiwanda cha Meissen kilianzishwa mwaka 1710. Waingereza walipita njia yao wenyewe. Katika miaka ya 1740, Thomas Frye wa kiwanda cha Bow, mashariki ya London, alianza kuchanganya udongo na majivu ya mifupa. Mwishoni mwa karne hiyo, Josiah Spode wa mji wa Stoke aliiweka sawa kanuni ambayo kwa jumla ndiyo iliyofuatwa hadi leo: majivu ya mifupa karibu nusu, udongo mweupe wa kaolini karibu robo, na jiwe la Cornwall robo iliyobaki. Kwa maana inayokubalika Uingereza, chombo hakistahili jina hilo kama hakina walau asilimia 30 ya fosfati inayotokana na mifupa.

Mifupa inayotumika kwa desturi ni ya ng'ombe. Huondolewa mafuta na ute wote, huchomwa katika joto la nyuzi 1,000 hivi za Selsiasi hadi iwe myeupe kabisa, kisha husagwa pamoja na maji. Kinachobaki si mfupa tena kwa maana ya kawaida, bali ni unga wa madini, hasa fosfati ya kalsiamu. Unga huo ukiungana motoni na kaolini na jiwe la Cornwall, hutoa chombo chenye sifa tatu ambazo ni nadra kukutana mahali pamoja: weupe, uwezo wa kupitisha mwanga, na nguvu.

Nguvu ndiyo inayowashangaza watu. Kikombe cha kauri ya mifupa kinaweza kutengenezwa chembamba kwa sababu ni kigumu. Si kwamba ni chembamba kwa sababu ni dhaifu. Kikombe kinene cha udongo wa kawaida, kile ambacho kila mtu hukiamini, hubanduka mdomo upesi kuliko hiki kinachoogopwa.

Kukitambua hakuhitaji mtaalamu. Kikombe huinuliwa mbele ya taa na vidole huwekwa kwa nyuma. Kivuli cha vidole kikionekana, mwanga unapita. Weupe wake huelekea rangi ya maziwa, wakati kauri ngumu ya Kichina au ya Kijerumani mara nyingi huwa na weupe wa baridi unaoelekea bluu. Kikigongwa kwa ukucha hulia kama kengele ndogo. Mlio mzito, uliokufa, ni dalili ya ufa hata kama jicho halijauona.

Tatizo la udongo huu liko kiwandani. Hauna mnato wa kutosha, hivyo hauwezi kufinyangwa kwa urahisi kwenye gurudumu kama ule wa mitungi. Vikombe hushindiliwa ndani ya kalibu za plasta, mabirika na majagi humiminwa ndani ya kalibu yakiwa uji, na vishikio hutengenezwa peke yake kisha hugandishwa kwa udongo laini. Baadaye huja moto. Kauri ngumu ya Kijerumani huchomwa kwanza kwa joto dogo, kisha kwa joto kubwa ikiwa na glezi, yaani utando wa kioo unaoifunika. Kauri ya mifupa hufanya kinyume: moto mkali huja kwanza, nyuzi 1,200 na zaidi, wakati chombo kingali kitupu. Hapo husinyaa, na kisipoegemezwa vizuri hupinda. Glezi hufuata katika joto la chini zaidi, na rangi za juu ya glezi huhitaji moto wa tatu, wa chini zaidi tena.

Utaratibu huo wa moto una faida moja kubwa kwa mchoraji, nayo ni kwamba rangi nyingi ambazo zingeungua katika joto la kauri ngumu hudumu hapa. Lakini pia ulifanya kila chombo kilichosalimika kiwe ghali. Si ajabu, basi, kwamba wenye viwanda walikivisha dhahabu na maua. Aliyepoteza sehemu ya mali yake motoni alitaka kile kilichobaki kionekane cha thamani kutoka mbali, na mnunuzi naye, ambaye mara nyingi alikuwa akinunua zawadi ya harusi, alitaka hivyohivyo.

Makao makuu ya kazi hii yalikuwa Longton, mmojawapo wa miji sita iliyoungana kuwa Stoke-on-Trent, katika mkoa wa Staffordshire. Mji huo ulijaa tanuri za matofali zenye umbo la chupa, zilizochomwa kwa makaa ya mawe, na moshi wake ulikuwa mzito kiasi cha kuficha jua. Katika vyumba vya kuchorea waliketi wanawake na wasichana, mbele ya gurudumu dogo linalozunguka, wakishika brashi bila kutikisika huku kikombe kikijizungusha chini yake mpaka mstari ukamilike. Malipo yao yalikuwa chini ya yale ya wanaume.

Jaribio la kwanza kubwa la kuiingiza kauri ya mifupa katika usasa wa karne ya 20 lilifanywa mjini humo mwaka 1930. Kiwanda cha Shelley, kwa usanifu wa Eric Slater, kilitoa maumbo mawili yaliyoitwa Vogue na Mode. Vikombe vyake vilikuwa kama koni iliyopinduliwa, vishikio vyake pembetatu, na mapambo yake miraba, miale ya jua na vipande vya rangi vilivyopishana. Kwa jicho lilikuwa jambo jipya na la kuvutia, na hata leo wakusanyaji hugombea vyombo hivyo.

Kwa mnywaji wa chai lilikuwa jambo jingine. Kishikio cha pembetatu kilikuwa kimezibwa, hakina tundu la kupitisha kidole, hivyo kikombe kilichojaa kilibanwa kwa ncha za vidole. Mdomo mpana uliipoza chai upesi. Malalamiko yalifika kiwandani, na kufikia mwaka 1932 Shelley ilikuwa imeleta umbo jingine, Regent, lenye mdomo uliotanuka kama ua na kishikio cha duara ambacho kidole hupita. Vogue na Mode zilikuwa zimechukua sura ya usasa bila kuchukua hoja yake, kwa kuwa wasanifu wa Ulaya waliokuwa wakihubiri usasa wakati huo walisisitiza kwamba umbo litokane na kazi ya chombo.

Aliyeielewa hoja hiyo vizuri zaidi alikuwa mwanamke wa Burslem, mji jirani. Susie Cooper alizaliwa mwaka 1902, akasoma katika shule ya sanaa ya mji huo chini ya mwalimu Gordon Forsyth, na mwaka 1922 akaingia katika kampuni ya A. E. Gray, iliyokuwa ikinunua vyombo vitupu na kuvipamba. Mwaka 1929 alianzisha biashara yake mwenyewe. Ulikuwa mwaka mbaya wa kuanza biashara yoyote, kwa kuwa uchumi wa dunia uliporomoka miezi hiyohiyo, na katika viwanda vya Staffordshire mwanamke mwenye kampuni lilikuwa jambo la nadra.

Kwa miaka 20 hivi ya mwanzo hakugusa kauri ya mifupa. Alitumia udongo wa kawaida, wa bei nafuu, na umbo lake la mwaka 1932 lililoitwa Kestrel lilimpa jina: birika lenye mwili wa mviringo na mdomo unaomimina bila kudondosha, na kishikio kinachoshikika. Aidha, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kutumia vizuri karatasi za kuhamishia picha, ambazo humwezesha fundi kubandika mchoro mmoja juu ya maelfu ya vyombo. Wenzake wengi waliona karatasi hizo ni njia ya rahisi ya kukwepa kazi ya mikono. Yeye aliona kwamba mchoro mzuri ukibandikwa mara elfu unabaki kuwa mzuri, na bei inashuka. Mwaka 1940 alipewa cheo cha Royal Designer for Industry, heshima ya juu kabisa ya wasanifu wa bidhaa za viwandani nchini humo.

Kisha vita vikaja na kusimamisha kila kitu. Kiwanda chake kiliungua moto mwaka 1942, na hakikurudi kazini hadi vita vilipokwisha mwaka 1945. Mwaka huohuo wa 1942 serikali ya Uingereza ilipiga marufuku vyombo vilivyopambwa kuuzwa ndani ya nchi. Vyombo vya rangi vilikwenda nje kutafuta fedha za kigeni. Mwingereza aliuziwa vyeupe vitupu. Chai yenyewe ilikuwa kwa mgawo tangu Julai 1940, wakia mbili kwa mtu kwa wiki, ambazo ni kama gramu 57.

Hali hiyo ilidumu muda mrefu baada ya vita kwisha. Marufuku ya mapambo iliondolewa Agosti 1952, na mgawo wa chai ukafutwa Oktoba mwaka huohuo. Taifa lililokunywa chai kidogo katika vikombe visivyo na rangi kwa miaka kumi likafunguliwa milango miwili ndani ya miezi mitatu. Sehemu ya chai iliyojaa tena katika mabirika hayo ilitoka katika makoloni ya Afrika Mashariki. Mchai wa kwanza nchini Kenya ulipandwa Limuru mwaka 1903.

Cooper alikuwa amejiandaa kwa siku hiyo. Mwaka 1950 alikuwa amenunua kiwanda cha Jason huko Longton, akaingia rasmi katika kauri ya mifupa. Ulikuwa uamuzi wa kijasiri kuliko unavyoonekana sasa. Usasa wa miaka ya 1950 ulikuwa ukistawi zaidi katika udongo wa bei nafuu, ambako kubahatisha hakukugharimu sana. Kiwanda cha Midwinter, kwa mfano, kilitoa mwaka 1956 pambo la mchoraji Jessie Tait lililoitwa Zambesi, mistari myeusi ya pundamilia juu ya nyeupe pamoja na wekundu kidogo, likanunuliwa na vijana waliokuwa wakianza maisha. Kauri ya mifupa ilibaki kuwa mali ya mama wakwe: waridi, dhahabu, na kufunguliwa siku ya Krismasi.

Umbo lake la kwanza katika udongo huo mpya, Quail la mwaka 1951, bado lilikuwa na mbinuko laini kama wa ndege ambaye jina lake limechukuliwa. Hatua kubwa ilikuja karibu na mwaka 1958 kwa umbo lililoitwa Can, yaani mkebe. Kikombe chake kina kuta zilizonyooka wima, kishikio cha mviringo chenye nafasi ya kidole, na basi. Hakuna mkunjo wa kuficha kosa la mfinyanzi. Ukuta ulionyooka katika udongo unaopenda kupinda motoni ni kazi ngumu kuliko ukuta wenye mawimbi, kwa kuwa kasoro ya upana wa uzi mmoja huonekana.

Faida kwa mtumiaji zilikuwa za wazi. Kikombe cha wima hakipozi chai haraka kama kile cha mdomo mpana. Hakipinduki ovyo. Ukuta wake ni kama ukurasa uliokunjwa kuwa duara, hivyo mchoraji hupata uwanja mpana usiopotosha mstari. Katika pambo la Black Fruit la mwishoni mwa miaka ya 1950, matunda yalichorwa kwa rangi nyeusi juu ya weupe mtupu, na hayakuhitaji dhahabu ili yaonekane. Kasoro moja inafaa kutajwa: pembe ya chini, pale ukuta unapokutana na kitako, hushika sukari isiyokorogwa, na kijiko cha chai huifikia kwa shida. Umbo hili, kusema kweli, liliifaa kahawa kuliko chai.

Biashara ilibadilika upesi zaidi ya maumbo. Mwaka 1958 kampuni ya Cooper iliungana na R. H. & S. L. Plant, kiwanda kingine cha Longton, na mwaka 1966 zote zikamezwa na Wedgwood. Mwaka huohuo Shelley nayo ilichukuliwa na kundi la Allied English Potteries. Cooper aliendelea kusanifu chini ya mabwana wapya, na pambo lake la Carnaby Daisy la mwaka 1968 lilichukua jina la mtaa wa London uliokuwa kitovu cha mavazi ya vijana. Alikuwa na umri wa miaka 66 hivi. Alifariki dunia mwaka 1995.

Viwanda vyenyewe havikudumu sana baada yake. Kiwanda cha Royal Doulton cha mtaa wa Nile, Burslem, kilifungwa mwaka 2005. Spode, nyumba iliyoiweka sawa kanuni ya kauri ya mifupa, iliwekwa chini ya wafilisi Novemba 2008, na Wedgwood ikafuata Januari 2009. Jina la Wedgwood liliuzwa, na tangu mwaka 2015 ni mali ya kampuni ya Fiskars ya Finland. Tanuri za umbo la chupa, ambazo zamani zilihesabiwa kwa maelfu, zimebaki chini ya 50, na moto wa mwisho katika tanuri ya namna hiyo uliwashwa Longton mwaka 1978 kwa ajili ya kumbukumbu tu.

Kuanguka kwa Wedgwood nusura kuondoke na makumbusho yake. Mfuko wa pensheni wa wafanyakazi ulikuwa na upungufu wa takriban pauni milioni 134, na kwa kuwa makumbusho yalikuwa na wafanyakazi wachache waliochangia mfuko huo, sheria iliyatwika deni lote. Mwaka 2011 mahakama iliamua kwamba vitu vyake, zaidi ya 80,000, vingeweza kuuzwa kulipa deni. Kampeni ya mwaka 2014 ilikusanya pauni milioni 15.75, nyingi zikitoka katika mifuko ya hisani na sehemu kutoka kwa wananchi, na mkusanyiko ukakabidhiwa jumba la Victoria and Albert la London, huku vyombo vyenyewe vikibaki Barlaston, karibu na Stoke. Ilikuwa hukumu ya ajabu iliyowaweka wazee waliotengeneza vikombe na vikombe walivyovitengeneza katika pande mbili za kesi moja.

Kwa mwenye kikombe nyumbani, chapa ya chini ndiyo cheti cha kuzaliwa. Neno "England" lilianza kupigwa kwa wingi baada ya sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890 kudai nchi itajwe. Maneno "Bone China" ni ya karne ya 20. Vyombo vya Cooper huwa na saini yake, na vile vilivyotoka baada ya mwaka 1966 hutaja pia kwamba ni vya kundi la Wedgwood. Umbo la mkebe lilitengenezwa kwa miaka mingi, hivyo si adimu, na bei yake haikaribii ya Vogue ya Shelley iliyotoka kwa miaka michache tu. Anayetarajia utajiri kutoka kabatini ajue hivyo mapema.

Ubora wa kutumika ndio mali yake kubwa zaidi. Chai ya maziwa na tangawizi iliyotoka jikoni ikichemka haitapasua kikombe kizima. Husimuliwa kwamba Waingereza walizoea kutia maziwa kwanza ili vikombe visipasuke. Kauri ya mifupa haihitaji tahadhari hiyo. Kinachohitaji tahadhari ni kikombe chenye ufa, kwa kuwa joto huupanua, na kile chenye nyufa ndogondogo kama utando wa buibui kwenye glezi, kwa kuwa chai hupenya humo na kuacha madoa.

Jambo la kuchukuliwa kwa uzito ni rangi. Kanuni za afya za mwishoni mwa miaka ya 1940 zilikataza risasi mbichi katika glezi za viwanda vya Uingereza, baada ya vizazi vya wafanyakazi kudhurika. Lakini rangi zinazopakwa juu ya glezi ziliendelea kwa muda mrefu kuwa na risasi, na nyekundu na manjano kali mara nyingi zina kadimiamu. Zikiwa nzima na ziko upande wa nje, mnywaji hana la kuogopa sana. Ikiwa pambo liko ndani ya kikombe, au limechakaa, limepauka na kukwaruza kidole, chombo hicho ni cha kutazamwa tu. Maji ya limau, ukwaju au siki hayafai kuwekwa humo hata kikiwa kizima, kwa maana asidi huichomoa risasi polepole, na mtoto hudhurika kwa kiasi kidogo kuliko mtu mzima.

Kwa sababu hiyohiyo mashine ya kuoshea vyombo haifai; sabuni yake kali hula rangi za juu ya glezi. Maji ya vuguvugu, sabuni laini na beseni la plastiki vinatosha. Madoa ya chai huondoka kwa magadi kidogo na kitambaa kibichi, si kwa dawa ya kung'arishia nguo, ambayo hupenya katika nyufa. Vikombe visipandanishwe, wala visitundikwe kwa vishikio, kwani kiungo cha kishikio ndicho sehemu dhaifu. Chenye mstari wa dhahabu kisiingizwe katika tanuri ya mawimbi ya umeme, maana kitatoa cheche.

Miongoni mwa Waislamu wa pwani huulizwa pia swali la halali, kwa kuwa ng'ombe wa viwanda vya Ulaya hawakuchinjwa kwa jina la Mwenyezi Mungu. Madhehebu hayakubaliani. Shafi, yanayofuatwa na wengi katika Afrika Mashariki, huhesabu mfupa wa mnyama asiyechinjwa kuwa najisi, na wanazuoni wake wengi hawaoni kwamba moto hubadili hukumu hiyo. Hanafi huuona mfupa mkavu kuwa tohara, isipokuwa wa nguruwe, na hushikilia kwamba kitu kilichogeuka kuwa kitu kingine hupata hukumu mpya. Kwa hiyo nyumba mbili za mtaa mmoja zaweza kukitazama kikombe kimoja kwa macho tofauti, na mwenye shaka humuuliza shekhe wake.

Baki kubwa ya seti hizi zimevunjikavunjika: vikombe vinne, visahani sita, birika halina kifuniko. Hapo umbo la mkebe lina manufaa ambayo vyombo vya waridi havina. Kwa kuwa viwanda vilibadili pambo na kuliacha umbo, kisahani cha seti moja hukaa sawasawa chini ya kikombe cha seti nyingine, na mistari ya kijani ikiwekwa pamoja na matunda meusi meza haigombani. Anayetafuta kimoja cha kujazia apime upana wa kitako na wa kishimo cha kisahani kwa rula kabla ya kulipa, kisha akigonge kwa ukucha na kukisikiliza.